MWEMBE AU MWAROBAINI: UPI WA KUPANDA UANI?

Miongoni mwa mambo ambayo watu huyafanya kwa haraka, kisha wakakaa nayo miaka mingi, ni kupanda mti katika ua wa nyumba. Mtu akitaka mabati huuliza bei katika maduka matatu, na mlango huupima mara mbili kabla ya kumwita seremala. Lakini mti huuchimbia shimo mahali popote palipo wazi, kwa kuwa amepewa mche bure. Baada ya miaka kumi mzizi umeinua sakafu, tawi limelala juu ya paa la mtu mwingine, na watu wawili waliokuwa wakisalimiana kila alfajiri wakitoka msikitini hawasemezani tena. Haya tumeyaona katika mitaa yetu, wala si mara moja.

Viwanja vya siku hizi ni vidogo. Wazee wetu walikuwa na nafasi ya kupanda mnazi, mwembe, mfenesi na mkungu, na bado pakabaki mahali pa kuanikia mpunga. Leo mwenye nyumba katika Dar es Salaam, Tanga au Mombasa, akiisha kutoa nafasi ya nyumba, kisima, shimo la choo na njia ya kupitia, hubakiwa na pahala pa mti mmoja tu. Basi mti huo mmoja uwe upi? Katika pwani yetu jawabu aghalabu huwa ni mmoja katika miti miwili, mwembe au mwarobaini, na kila mmoja una watu wake wanaoutetea kama vijana wanavyotetea timu za mpira. Nimekusudia kuiweka miti hii miwili mbele ya msomaji, sifa zake na aibu zake, ili achague hali ya kuwa anajua.

Kwanza neno juu ya kupanda kwenyewe. Bukhari na Muslim wamepokea kwa Anas bin Malik (R.A.) kwamba Mtume wetu (S.A.W.) amefundisha ya kuwa Mwislamu apandapo mti au mmea, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, yeye aliyepanda huandikiwa sadaka. Na katika mapokezi ya Muslim kutoka kwa Jabir (R.A.), hata kile kilichoibiwa humo ni sadaka kwa mwenyewe. Wenye miembe na wayakumbuke haya mwezi wa Disemba, wakati watoto wa mtaa mzima wanapopita na mawe mikononi! Na yajulikana katika habari za Salman al-Farsi (R.A.) ya kuwa bwana wake alimtaka apande mitende 300 ndipo awe huru, na Mtume (S.A.W.) akaja mwenyewe, akaipanda kwa mkono wake mtukufu. Kwa hiyo asidhani mtu ya kuwa kushika jembe na mche ni jambo dogo lisilo na nafasi katika dini.

Na tuanze na mwembe, kwani huo ndio mkubwa wa heshima. Asili yake ni Bara Hindi na nchi ya Burma, ambayo leo huitwa Myanmar, lakini umefika upande wetu zamani sana. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Tanja, alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikaribishwa wali wa samli pamoja na vitu vya kutilia hamu, na miongoni mwa vitu hivyo alitaja embe. Ameeleza ya kuwa likiiva ni tamu na huliwa kama tunda, na likiwa bichi ni kali kama ndimu, nao hulitia katika siki. Achari ya embe, ambayo mama zetu huianika juani katika chupa, ina umri wa karibu miaka 700 katika mwambao huu, kwa uchache wake.

Baadaye mwembe ulifuata njia za misafara. Kutoka Bagamoyo hadi Tabora na Ujiji, miembe mikongwe huonyesha hata leo mahali walipotua wapagazi na watumwa. Ni vivuli vilivyoona machozi mengi. Huko Unguja, karibu na Bungi, iko safu ya miembe ambayo husemwa ilipandwa kwa amri ya Bi Khole, binti wa Sayyid Said bin Sultan. Sayyid Said alifariki mwaka 1856, na majumba mengi ya zama zile yamekuwa magofu, lakini watu bado wapita kivulini mwa miembe ile. Mti huu huweza kuishi zaidi ya miaka 100 nao ungali unazaa.

Faida zake za chakula sina haja ya kuzipamba. Embe bivu lina vitamini A na C, nazo ni muhimu kwa macho na ngozi na afya ya watoto. Bichi hutiwa katika mchuzi, katika kachumbari na katika achari. Na likija msimu wakati mmoja na Ramadhani, basi futari ya maskini haipungui kitu mbele ya futari ya tajiri. Kila mtu anayo embe aipendayo. Wengine husifu dodo kwa ukubwa, wengine boribo kwa utamu na rangi, watu wa Lamu hawasikii la mtu juu ya ngowe, na iko sindano, na batawi, na sikio la punda. Mbao za mwembe nazo hazitupwi. Wavuvi wa pwani huchonga ngalawa na mitumbwi katika magogo yake, na kwa sababu hiyo miembe mikubwa imepungua katika baadhi ya vijiji, kwani mwenye gogo nene huwa amekwisha kufuatwa na mafundi kabla hajatia nia ya kuuza.

Lakini mwembe una mashaka yake, na asiyeyataja humdanganya msomaji. La kwanza ni nafasi. Mwembe ulioachwa ukue upendavyo hutanda kama hema. Wakulima huipanda mmoja na mwingine kwa kiasi cha mita 10, na mkongwe huhitaji zaidi. Ua wa mita 6 hauutoshi, labda uwe wapogolewa kila mwaka. Kivuli chake ni kizito, na chini yake mchicha hauoti wala maua hayastawi. Majani yake hudondoka mwaka mzima, makubwa na makavu, yakaziba mifereji ya mabati ya mwenye kukinga maji ya mvua. Utomvu wa kikonyo cha embe huunguza midomo na ngozi za watu wengine, hasa watoto. Kwa hiyo embe lioshwe kabla ya kumenywa, wala lising'atwe pale pale chini ya mti kama tulivyozoea.

La pili ni subira. Mwembe uliopandwa kwa kokwa hukaa miaka 6 au zaidi kabla ya kuzaa, na pengine ukizaa matunda yake si kama ya mama yake, hata mtu aliyepanda kokwa ya dodo akajikuta ana embe la nyuzinyuzi lisilo na jina. Dawa yake ni kununua mche uliobebeshwa, yaani ule uliofungiwa kijiti cha mwembe mwema juu ya shina la mwembe wa kawaida. Huo huzaa baada ya miaka 3 au 4, matunda yake hujulikana tangu siku ya kununua, na mti wenyewe hubaki mfupi kidogo, jambo ambalo kwa ua wa mjini ni neema kubwa. Bei yake ni zaidi kuliko ya mche wa kokwa, lakini tofauti hiyo hurudi kwa msimu mmoja wa matunda.

La tatu ni kwamba mwembe hautoi ahadi. Hutaka kiangazi kizuri ili uchanue. Mvua ikinyesha wakati wa maua, ukungu huyashika yakageuka meusi na kupukutika. Tena tangu mwaka 2003, ulipogunduliwa Kenya kwa mara ya kwanza, amekuja nzi wa matunda mgeni kutoka Asia, ambaye hutaga mayai ndani ya embe lingali mtini. Mtu hulipasua embe zuri la nje akakuta funza. Mwenye mwembe mmoja uani aokote maembe yote yaliyoanguka kila siku, asiyaache yakaoza chini, bali ayatie katika mfuko wa plastiki uliofungwa barabara na kuuacha juani, au ayafukie kwenda chini sana. Asipofanya hivyo amewafugia nzi majirani zake wote.

Sasa tuje kwa mwarobaini. Jina lake latokana na arubaini ya Kiarabu, kwa kuwa watu husema hutibu maradhi arubaini. Na hesabu hiyo ni ya mapenzi kuliko ya uganga, kama tutakavyoona. Nao pia ni mgeni kutoka Bara Hindi na Burma, na kwa ukoo ni jamaa ya mkangazi ambao mbao zake twazijua. Mbao za mwarobaini nazo ni ngumu na mchwa huziogopa, kwa hiyo nguzo yake hukaa.

Sifa yake kubwa ni ustahimilivu. Penye mchanga huota, penye mawe huota, penye mvua haba huota. Kitu usichokipenda ni kusimama ndani ya maji na baridi kali. Katika miaka 3 huweza kupita mita 4, na mtu aliyeupanda mtoto wake akianza chuo huketi chini yake mtoto huyo akiwa bado hajafika nusu ya Msahafu. Kivuli chake ni chepesi kuliko cha mwembe, upepo hupita, na majani yake ni madogo, hufagiliwa kwa urahisi. Ukichanua harufu yake ni nzuri ajabu wakati wa magharibi. Hauna embe la kupopolewa, kwa hiyo hauleti mawe juu ya mabati.

Walio kwenda Hija katika miaka ya karibuni wameuona mahali ambapo pengine hawakuutarajia. Uwanda wa Arafa, ambao zamani ulikuwa jua tupu na changarawe, umepandwa miarobaini karibu 50,000 katika karne iliyopita ili kuwafunika mahujaji siku ya kisimamo. Mzee wa Tanga au wa Unguja, akisimama mwezi 9 Mfungo Tatu na mikono yake imeinuliwa, huenda juu ya kichwa chake pana majani yale yale aliyoyaacha nyuma ya jiko lake. Wahandisi wa Arabuni waliuchagua kwa sababu zile zile tulizozitaja: jua haliuwezi, na maji hutaka machache.

Juu ya dawa yataka tuseme wazi, maana hapa ndipo roho za watu zilipo. Ni kweli kwamba mbegu za mwarobaini zina kitu kinachowazuia wadudu wasile wala wasikue, na wataalamu wamekithibitisha. Mkulima wa bustani akizitwanga mbegu, akaziloweka usiku kucha katika maji, akachuja na kunyunyizia mboga zake, hupata msaada mkubwa pasipo kununua sumu ya dukani. Majani makavu katika gunia la kunde hupunguza dumuzi. Vijiti vyake huswakia meno watu wengi wa Bara Hindi, nasi pia. Na katika madhehebu yetu ya Shafi, sunna ya kupiga mswaki hupatikana kwa kitu chochote safi chenye kukwaruza, ijapokuwa mti wa araki ndio bora.

Manufaa haya yalitajwa hata mahakamani. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliipa Wizara ya Kilimo ya Marekani pamoja na kampuni ya W. R. Grace haki ya pekee juu ya njia ya kutumia mafuta ya mwarobaini kuua ukungu wa mimea. Wahindi na wenzao wakateta, wakisema ya kuwa jambo lililojulikana na babu zao haliwezi kuwa ugunduzi wa mtu. Na mwaka 2000 haki ile ikafutwa, na rufani ikatupwa mwaka 2005. Wenye elimu za wazee na wasizidharau.

Walakini kuzitukuza mno nako ni hatari. Mafuta ya mbegu za mwarobaini ni sumu kwa mtoto mchanga akinyweshwa. Madaktari wa Malaysia waliandika mwaka 1981 habari za watoto wachanga waliopewa mafuta hayo kama dawa ya nyumbani, wakapatwa na kutapika, usingizi usio wa kawaida na degedege. Mama mja mzito naye asiyanywe, wala asinywe maji mazito ya majani yake, kwani yanahofiwa kudhuru mimba. Na mwenye homa ya malaria asiketi nyumbani akinywa maji machungu siku tatu akingoja. Apelekwe hospitali apimwe damu siku ile ile, hasa akiwa mtoto. Wazee wengine hukasirika wakisikia maneno haya, lakini Mtume (S.A.W.) ametuamuru tujitibu, na kujitibu ni kwa kile kinachoponya. Kadhalika, husemwa ya kuwa mwarobaini ukisimama uani mbu hukimbia. Mbu hawajui habari hiyo. Moshi wa majani yake na mafuta yake yakipakwa ngozini hupunguza kuumwa, lakini mti wenyewe kusimama hakumzuii mbu kuingia dirishani. Chandarua kibaki pale pale.

Aibu nyingine ya mwarobaini ni kuenea. Ndege na popo hula matunda yake ya manjano na kuzitupa mbegu kila pahala, na miche huota katika nyufa za ukuta, katika makaburi na kando ya kisima. Asiyeing'oa mapema huja kuing'oa kwa shoka. Katika misitu ya pwani umekwisha kuingia na kuibana miti ya asili, kwa hiyo anayekaa kando ya msitu au ya kaya za Wamijikenda afadhali asiupande kabisa.

Hata sasa tumesema juu ya miti. Lakini magomvi ya miti aghalabu ni magomvi ya watu, na sheria yetu haikuyaacha bila ya mwongozo. Mti ni wa mwenye shina, na hewa iliyo juu ya kiwanja ni ya mwenye kiwanja. Wanazuoni wa Kishafi wamesema: tawi likivuka na kuingia kwa jirani, jirani ana haki ya kutaka liondolewe. Mwenye mti akikataa, jirani anaweza kulirudisha kwa kulipinda. Na lisipopindika, anaweza kulikata hata bila ya kwenda kwa kadhi. Ama matunda yaliyomo katika tawi hilo, hayo ni ya mwenye mti, hayawi ya jirani kwa kuwa yamening'inia kwake. Yaliyoanguka chini hufuata ada ya mji, na ada ya miji yetu ni kuwa mtoto aliyeokota hafukuzwi.

Iko habari aliyoipokea Abu Daud ya Samura bin Jundub (R.A.), aliyekuwa na mtende katika bustani ya Mwansari mmoja, naye akiingia kuuangalia akimtaabisha mwenye bustani na ahali zake. Mtume (S.A.W.) akamtaka auuze, akakataa; akamtaka abadilishe kwa mwingine, akakataa; akamtaka autoe kwa kupata ujira wa Akhera, akakataa; ndipo akamruhusu yule Mwansari aung'oe. Wanazuoni wa hadithi wana maneno juu ya sanadi yake, lakini maana yake yaafikiana na kanuni mashuhuri ya kuwa hapana kudhuru wala kudhuriana. Mpandaji mti na aisome habari hii kabla hajachimba shimo nusu hatua kutoka ukuta wa mwenziwe.

Na katika jambo hili mwembe ni mgomvi kuliko mwarobaini. Sijapata kuona ndugu wakishitakiana kwa ajili ya mwarobaini. Mwembe ni mali. Katika pwani yetu kuna ada ya zamani ya kuwa mti huweza kuwa wa mtu na ardhi ikawa ya mwingine, na mwenye mti akifariki, mti huingia katika mirathi kama nyumba na fedha. Mume akiacha mke na watoto, mke ana thumni, na kinachobaki ni cha watoto, mwanamume mafungu mawili na mwanamke fungu moja. Ni rahisi kuigawa bei ya mti. Kuyagawa maembe yenyewe, mwaka baada ya mwaka, ndugu mmoja akiwa karibu na wengine mbali, ndiko kunakozua maneno. Mara nyingi anayedhulumiwa ni dada aliyeolewa mji mwingine, ambaye haletewi hata kikapu, naye huona haya kudai. Mwenye mwembe na aandike mapema, mbele ya mashahidi: ama mti ni wa wote na matunda huuzwa yakagawanywa fedha, ama ameutoa wakfu kwa msikiti au chuo, kwa wasia usiopita thuluthi ya mali yake. Zaka haimo katika maembe kwa madhehebu yetu, kwani katika matunda zaka ni ya tende na zabibu; lakini fedha zake zikihifadhiwa zikafika kiwango na mwaka ukapita, hiyo ni hesabu nyingine.

Mtu ataniuliza: mwalimu, wewe wasemaje? Jawabu langu latoka katika kiwanja, si katika mapenzi. Mwenye ua wa mita 10 au zaidi upande ulio wazi, aliye katika nyumba yake mwenyewe, na maji anayo ya kunyweshea miaka miwili ya mwanzo, apande mwembe uliobebeshwa, aukate kichwa ungali mdogo ili utande kwa chini, na aupogoe kila baada ya mavuno usipite urefu wa ngazi yake. Nyumba yenye watoto haifai kukosa tunda kwa ajili ya kivuli tu. Mwenye ua mwembamba, au udongo wa mawe, au maji ya kununua kwa madumu, apande mwarobaini, na asione ya kuwa amepata kidogo. Na mahali pa watu wote, kama mbele ya msikiti, uwanja wa chuo au kituo cha basi, mwarobaini ni bora bila ya shaka, kwani hauna cha kugombewa, na watoto chini yake watatazama ubao wao, hawatatazama matawini. Kivuli cha watu wote kina haki yake pia: Mtume (S.A.W.) ameonya vikali juu ya mwenye kwenda haja katika njia ya watu au katika kivuli chao, na takataka zimwagwazo chini ya miti ya mitaa yetu ziko karibu na hukumu hiyo.

Waishio katika nchi za baridi, kama nyanda za juu za Iringa au kandokando ya Nairobi, wasiipande miti hii kwa kutumaini mengi. Mwembe huko hutoa majani kuliko maembe, na mwarobaini hudumaa.

Juu ya kupanda kwenyewe, mwembe ukae mbali na ukuta na shimo la choo kwa hatua 8 zisizopungua, na mwarobaini hatua 5 au 6, kwani mizizi yake huenda mbali kutafuta maji. Shimo liwe la kina cha mkono mzima na upana kama huo, udongo wa juu uchanganywe na samadi iliyooza. Wakati wake ni mwanzo wa masika, au vuli kwa mwenye maji. Mche wa mwembe uliobebeshwa uzikwe kwa namna ambayo pale palipofungiwa pabaki juu ya udongo, na machipukizi yote yatokayo chini ya hapo yaondolewe, la sivyo mwembe wa porini humla mwema. Mbegu ya mwarobaini ipandwe mbichi, baada ya kuoshwa nyama yake, katika siku chache. Ikikaa kabatini wiki kadha imekufa.

Ama maji, wengi hulalamika ya kuwa hawana ya kumwagia mti. Pale nyumba inapotawadhia pana maji kila siku mara tano. Maji yaliyokwisha kutumika katika udhu hayafai kutawadhia tena, lakini ni tohara, hayana uchafu, na mche huyapenda. Ichimbwe mifereji miwili mitatu kutoka hapo hadi shinani, wala yasichanganywe na maji ya sabuni ya kufulia, ambayo huuchoma mche mchanga.